Figo Hujilinda Zenyewe: Tusizinyime Maji



Kuna swali moja ambalo naulizwa mara nyingi pale kwenye benchi la wagonjwa. Mtu ameshika ubavu wake, uso umekunjamana kwa maumivu, naye aniuliza, "Mama, nimekula nini hata nikapata mawe katika figo?" Kisha kabla sijamjibu hujijibu mwenyewe. Mmoja asema ni mifupa ya ndakala. Mwingine asema ni maziwa. Mwingine asema ni mchanga wa sombe isiyooshwa vizuri.

Mwaka jana alikuja mama mmoja muuza mihogo. Alikuwa amepata jiwe dogo, likatoka lenyewe pamoja na mkojo siku ya tatu. Mtu fulani akamwambia, "Jiwe lile ni la chokaa. Basi, acha kila chakula chenye chokaa." Yule mama akatii. Akaacha ndakala, akaacha maziwa, akaogopa hata samaki wa mtoni. Akakaa hivyo miezi minane. Kisha akarudi kwetu ameinama vilevile, jiwe la pili likimsumbua. Akalia, akasema, "Nimejinyima yote. Mbona limerudi?"

Nilimwuliza neno moja tu: "Tangu asubuhi umekunywa nini?" Akafikiri, akajibu, "Chai, kikombe kimoja." Saa hiyo ilikuwa saa tisa ya mchana.

Nataka kusema maoni yangu wazi tangu mwanzo. Tunatafuta sana adui ndani ya sahani, na tunasahau kiu. Mwili una ulinzi wake juu ya mawe, nao hufanya kazi usiku na mchana pasipo sisi kujua. Ulinzi huo hautuombi mambo mengi. Kwanza watuomba maji. Na mara nyingi hayo ndiyo tunayounyima.

KAZI YA FIGO

Figo ni mbili. Zimekaa mgongoni, chini kidogo ya mbavu, kila moja kama ukubwa wa ngumi ya mtu. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana karibu milioni 1. Damu hupita humo, na maji yake huchujwa. Kwa siku moja figo huchuja maji kama lita 180. Chukua mabidoni ya njano ambayo watoto wetu huchotea maji, yale ya lita 20. Hayo ni mabidoni 9 kila siku! Lakini mtu hakojoi mabidoni 9. Karibu yote hurudishwa katika damu, na lita 1 au 2 tu ndizo zinazotoka nje.

Figo hufanya vivyo hivyo na chokaa, ile madini ambayo madaktari huiita kalsiamu. Mtu mzima ana chokaa kama kilo 1 mwilini mwake, na karibu yote imo katika mifupa na meno. Sehemu ndogo iliyo katika damu hulindwa na tezi nne za shingoni, kila moja kama punje ya mchele. Chokaa ikipungua katika damu, tezi hizo huziambia figo ziirudishe, nayo mifupa hutoa kidogo. Ikizidi, tezi hunyamaza. Katika kila sehemu 100 za chokaa inayochujwa, figo hurudisha sehemu 98 au 99. Kidogo kinachobaki hutoka na mkojo.

Hicho kidogo ndicho kinachoweza kuleta taabu. Maana katika mkojo chokaa hukutana na kitu kingine kiitwacho oksalati. Oksalati hutoka katika majani kama lengalenga na matembele, katika karanga na chai, tena ini letu lenyewe huitengeneza. Chokaa na oksalati zikishikana huwa punje ngumu, yaani fuwele. Fuwele zikishikamana huwa jiwe. Mawe mengi ya figo ni ya namna hiyo.

MKOJO UNA WALINZI

Fanya jambo hili nyumbani. Tia chumvi katika kikombe cha maji, koroga. Tia tena, koroga. Utafika mahali ambapo chumvi haiyeyuki tena, hukaa chini ya kikombe. Maji yameshiba.

Sasa sikia ajabu. Mkojo wa watu wengi wenye afya umekwisha kushiba chokaa na oksalati kupita kiasi ambacho maji matupu yangeweza kubeba. Kwa hesabu ya kikombe, wangekuwa na mawe karibu wote. Lakini wengi hawana. Kwa nini? Kwa sababu mkojo si maji matupu. Umewekewa walinzi.

Mlinzi wa kwanza ni sitrati. Ni ndugu ya ile asidi iliyo katika ndimu na limau, na mwili wenyewe huitengeneza. Sitrati huishika chokaa kabla oksalati haijaishika, nayo huibeba mpaka nje ikiwa bado imeyeyuka. Mtu akila matunda na mboga, figo huiacha sitrati nyingi ipite katika mkojo. Akila nyama nyingi na matunda haba, hupungua. Akiharisha siku nyingi, hupungua pia.

Mlinzi wa pili ni madini ya magnesiamu. Huyu huishika oksalati, kama vile yule wa kwanza anavyoishika chokaa. Adui wawili wanaotaka kuungana, kila mmoja ameshikwa mkono na mtu mwingine.

Mlinzi wa tatu ni protini ambayo figo yenyewe huitengeneza. Mwaka 1950, huko New York, Igor Tamm na Frank Horsfall waliipata katika mkojo wa binadamu, na hata leo huitwa kwa majina yao. Katika mkojo wa mtu mwenye afya hakuna protini iliyo nyingi kuliko hiyo. Huzifunika fuwele changa, zisishikamane na nyenzake. Tena huwanasa vijidudu vinavyopanda kutoka chini, wasishike ukuta wa njia ya mkojo.

Mlinzi wa nne ni mwendo wenyewe. Mkojo hausimami ndani ya figo. Unashuka, na mirija inayokwenda kwenye kibofu huusukuma kwa mawimbi, hata ukiwa umelala kitandani. Fuwele ndogo ikizaliwa hupelekwa nje kabla haijakua.

Sisi watu wa Kisangani tunalielewa jambo hili kwa macho. Nenda pale kwa Wagenya, utazame maji yanavyopita kwa nguvu kati ya miti yao mirefu na mitego yao. Je, mchanga hutulia hapo? Hapana. Lakini tazama kando, kwenye kijito kilichozibwa, ambako maji yamelala. Hapo mchanga na matope hujaa. Mto ni mmoja. Tofauti ni mwendo na wingi wa maji.

MWILI UNAPOKOSA MAJI

Mji wetu u karibu sana na ikweta. Joto letu lina unyevu, na jasho hututoka tukiwa tumekaa tu. Fikiri basi juu ya mtu wa toleka anayekanyaga baiskeli na abiria nyuma yake, au mwenye kupiga makasia kutoka Lubunga, au mama anayesonga lituma karibu na moto. Maji yao hutoka kwa ngozi, na kama hawayarudishi kwa kinywa, mwili hulazimika kuchagua.

Huchagua damu. Hufanya vyema, maana damu ikikauka mtu hufa. Ubongo hupeleka neno kwa figo kuwa maji yabanwe, yasitoke. Figo hutii. Mkojo huwa kidogo, mweusi kama chai kavu, na harufu yake kali. Chokaa ni ile ile, oksalati ni ile ile, bali maji ya kuzibeba yamepungua nusu, na mwendo umepungua. Walinzi wapo, lakini wamezidiwa na wingi wa adui. Mwaka 1937 daktari Alexander Randall wa Marekani alionyesha jinsi chokaa inavyoweza kushika kama doa katika ncha za ndani za figo, na jiwe huota juu ya doa hilo kama konokono juu ya mwamba.

Ili tusidhani kuwa ni mafundisho ya maneno tu, tazama walivyopima huko Italia. Watu 199 waliokuwa wamepata jiwe lao la kwanza waligawanywa sehemu mbili, wakaangaliwa miaka 5. Sehemu moja walifundishwa kunywa maji mengi. Wengine waliachwa na desturi zao. Habari ilitolewa mwaka 1996. Kati ya wanywaji wa maji, mawe yalirudi kwa 12. Kati ya wale wengine, yalirudi kwa 27. Hawakupewa kidonge. Walipewa maji.

CHOKAA YA CHAKULA SI ADUI

Sasa nirudi kwa yule mama na ndakala zake. Aliyemshauri alifikiri kama watu wengi wanavyofikiri: jiwe ni chokaa, basi ondoa chokaa. Madaktari wenyewe walifundisha hivyo miaka mingi. Lakini mwili haufanyi kazi kwa hesabu hiyo.

Unapokula lengalenga na ndakala pamoja, chokaa ya mifupa ya samaki hukutana na oksalati ya majani ndani ya tumbo, si ndani ya figo. Hushikana hapo, na kutoka pamoja na choo. Figo hazioni taabu yao. Lakini ukiondoa ndakala na kula majani peke yake, oksalati haina wa kuishika tumboni. Huingia katika damu, hushuka mpaka figo, na huko hutafuta chokaa. Wakati huohuo, mifupa iliyonyimwa chakula chake huanza kutoa chokaa yake. Basi mtu amepoteza mara mbili: mifupa inadhoofika, na figo haikupona.

Hili nalo lilipimwa Italia, na habari yake ikatolewa mwaka 2002. Wanaume 120 waliowahi kupata mawe ya chokaa waliangaliwa miaka 5. 60 walipewa chakula chenye chokaa kidogo. 60 walikula chokaa ya kawaida, lakini walipunguza chumvi na nyama. Mawe yalirudi kwa 23 wa kundi la kwanza, na kwa 12 tu wa kundi la pili. Neno hilo la chumvi tulishike sana. Chumvi ikizidi huivuta chokaa itoke katika mkojo. Na sisi siku hizi twatia chumvi katika sufuria, kisha juu yake vile vidonge vya kukoleza mchuzi, viwili, vitatu, ambavyo navyo ni chumvi. Watu wanaogopa mfupa mdogo wa samaki, na hawaogopi kijiko cha chumvi!

Zamani wazee wetu hawakujua neno oksalati. Lakini walichemsha lengalenga, wakamwaga maji ya kwanza, wakapika na samaki wadogo. Kumwaga maji yale kunapunguza oksalati. Sisemi kila desturi ya zamani ni njema. Nasema hii ni njema, tusiiache. Mwaka 1967 daktari Michael Modlin wa Cape Town aliandika juu ya watu weusi wa Afrika Kusini, ambao mawe ya figo yalikuwa haba sana kwao kuliko kwa wazungu wa nchi ile ile. Lakini tusijisifu kwa habari hiyo na kusema ni ugonjwa wa wengine. Desturi za chakula zimebadilika, nasi tunawaona wagonjwa mlangoni petu.

MAMBO WATU WANAYOSEMA

Wengine husema, "Bia huosha figo." Ni kweli kwamba bia huleta mkojo mwingi kwa saa chache. Kisha huacha mwili umekauka, na tena huongeza asidi ya yuriki, ambayo nayo ina mawe yake na maumivu ya viungo. Mtu anayekunywa bia ili aoshe figo ni kama mtu anayefagia nyumba kwa ufagio wenye tope.

Wengine hununua vidonge vya vitamini C, wakavimung'unya mchana kutwa kama peremende. Vitamini C ya chungwa na ya papai ni njema. Lakini vidonge vingi kila siku, mwili huvigeuza kuwa oksalati.

Wengine wakiumwa tumbo kidogo tu hununua dawa za kuua vijidudu njiani, bila kupimwa. Wasijue kwamba tumboni mna vijidudu marafiki pia. Mwaka 1985 wataalamu walipatia jina kijidudu kimoja cha tumboni ambacho chakula chake ni oksalati. Dawa hizo zaweza kumwua msaidizi huyo.

Na wengine huniambia habari za mizizi iyeyushayo mawe. Nawajibu kwa upole: jiwe dogo, lisilozidi milimita 5, mara nyingi hutoka lenyewe. Mtu akinywa mizizi siku ile, mizizi hupewa sifa ya kazi ya mwili. Na iko mizizi iliyoua figo kabisa.

KIU YA SOKONI

Sasa nafika mahali ambapo maoni yangu hayatapendeza wote.

Nilipomwambia yule mama anywe maji, alinitazama kama mtu aliyechoka. Akasema, "Mama, nikinywa, nitakojoa wapi?" Anakaa penye meza yake tangu saa kumi na mbili asubuhi. Choo kilicho karibu ni cha kulipa, tena kichafu, na akiondoka bidhaa zake zinaibwa. Basi hanywi. Wenzake hawanywi. Ni akili yao ya kuishi.

Nilinyamaza, maana nami hufanya vivyo hivyo. Siku za kazi nyingi huingia zamu asubuhi na kutoka jioni pasipo kikombe kimoja. Mimi niwafundishaye wengine!

Kwa hiyo nasema, mawe mengi ya figo si kosa la mgonjwa peke yake. Soko lisilo na choo cha wanawake linatengeneza mawe. Shule inayomkataza mtoto kutoka nje mpaka kengele inatengeneza mawe. Ibada ya saa nne, ambapo mama mwenye kiu huona haya kuinuka, nayo inatengeneza mawe. Mume asemaye makala ya kuchemshia maji ni hasara, lakini ana fedha za jioni yake, naye ana sehemu yake. Mwili umewekewa ulinzi mzuri na Muumba wake. Sisi tusiuzibe kwa desturi zetu.

YA KUFANYA

Kunywa maji mpaka mkojo uwe na rangi hafifu, kama maji yaliyotiwa ndimu kidogo. Mtu aliyewahi kupata jiwe akojoe lita 2 au 2 na nusu kwa siku, na kwa joto letu itampasa anywe zaidi ya hizo, kama lita 3. Anywe kidogo kidogo mchana kutwa, na kikombe kimoja kabla ya kulala, maana usiku mkojo huwa mzito.

Maji yawe safi. Usinywe maji ya mto hivihivi ukapona figo na kuugua kipindupindu. Yachemshe. Kama makala hayapo, jaza maji maangavu katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, uilaze juani saa 6. Kama mawingu ni mengi, iache siku 2.

Kamulia ndimu au limau katika maji, bila kuongeza sukari nyingi. Kula matunda. Punguza chumvi. Usiogope ndakala.

Lakini wako wasiopaswa kunywa maji mengi: waliovimba miguu na uso, wenye ugonjwa wa moyo, na wale ambao figo zao zimekwisha kushindwa. Hao wamsikilize daktari wao. Na yeyote mwenye maumivu ya ubavu pamoja na homa na kutetemeka, au asiyepata mkojo kabisa, au anayetapika bila kukoma, au mama mwenye mimba, asingoje, aje hospitali siku ile ile. Maji ni kinga. Hayalisukumi jiwe lililokwama. Damu katika mkojo ina sababu nyingi, basi ipimwe. Na mtu ambaye mawe yamrudia mara kwa mara ingawa anywa vizuri, apimwe zile tezi nne za shingoni na mengineyo. Wakati mwingine walinzi wa mtu ni dhaifu tangu kuzaliwa, wala si aibu.

Yule mama amerudia ndakala zake. Wauzaji wanne wa mstari wake wamepatana: mmoja akienda chooni, wengine walinda meza yake. Kila mmoja ana chupa yake ya lita moja na nusu chini ya meza, na huijaza tena saa sita. Sisemi jiwe halitarudi kamwe. Nasema mpaka leo halijarudi, na dawa waliyoitumia haikuuzwa katika duka lolote.

Nanyi wazee wa kanisa, wakuu wa shule na wasimamizi wa masoko, mnaosoma kitabu hiki, nawaomba mambo mawili: mtungi wa maji safi wenye kifuniko, na choo chenye mlango unaofungika. Mkiweka hayo mawili, mtakuwa mmefanya kazi ya uuguzi pamoja nasi.